Utambi Mrefu

Mimi kazi yangu ni kuchelewesha moto.
Mafundi wengine huuwahisha:
cheche iruke pistoni ikiwa bado inapanda,
mlipuko uipokee kileleni, uisukume chini,
nguvu yote iingie kwenye kranki.
Hayo ni mambo ya siku za kawaida.

Lakini Gethin anapounyanyua mguu kabla ya kona,
msitu wa Dyfi ukiwa umelowa mpaka mizizini,
turbo hukosa pumzi. Feni yake hulegea,
na akikanyaga tena, gari humjibu kama mtu aliyeamshwa:
Eh? Umesemaje?
Sekunde moja na nusu. Mashindanoni, huo ni umri.

Nikaliegesha ndani ya banda la kukatia manyoya,
kompyuta juu ya pipa la dawa ya kuogeshea kondoo.
Hewa nikaiachia upenyo mwembamba,
mafuta nikayaongeza kijiko,
kisha nikasema na cheche: wewe, usiende bado.
Acha pistoni ifike juu. Acha ianze kushuka.
Nyuzi ishirini baada ya kilele.
Subiri.
Ishirini na tano.
Mlango wa moshi ukianza kufunguka, hapo ndipo uwake,
umwagike nje ukiwa bado unaungua,
ukaipige turbo kofi la mgongo: hakuna kulala!

Pa. Pa-pa. Pa.

Bi Morfudd wa ng'ambo ya kijito akapiga simu:
ana kondoo tisa wenye mimba, siku zao zimewadia.
Nikamwomba dakika kumi. Akanipa saba.

“Thelathini na tano,” akasema Gethin.
“Itayeyuka.”
“Thelathini na tano, Eirlys.”
Bomba likaiva, kwanza rangi ya tofali,
kisha ya chungwa,
kisha rangi ambayo sipendi kuijua jina.
Turbo moja ni bei ya kondoo kumi na wanne,
na sisi hatuna hata mmoja; banda lenyewe tumepanga.

Baba alikuwa mlangoni, blanketi mabegani.
Masikio yake aliyaacha Blaenau, kwenye machimbo ya mawe ya kuezekea,
miaka thelathini na moja ya kuwasha baruti.
Alikuja akaweka kiganja juu ya pipa,
akafumba macho kama anayeonja mchuzi,
akauliza kwa ile sauti kubwa ya mtu asiyejisikia:
“Utambi wake umeupa urefu gani?”

Nikamwandikia kwa kidole kwenye vumbi la kioo: 35.
Akatikisa kichwa. “Si urefu. Mmoja wao anajikwaa.
Kila wa tatu.”

Nikafungua plagi ya tatu. Kauri yake ilikuwa na ufa,
mwembamba kama unywele wa mtoto.
Nikaweka mpya, nikarudi thelathini,
na turbo ikabaki macho, inaimba peke yake gizani.
Gethin hakusema asante. Alisema, “Hm.”
Dakika ya saba ilikuwa imepita kitambo.

Jumamosi tulisimama kwenye geti la chuma juu ya bonde,
mvua ya pembeni, chai imeshapoa ndani ya chupa.
Nilimsikia akiingia msituni: pa, pa-pa,
akiwanyanyua kunguru kona baada ya kona.
Kisha sikusikia.

Nikahesabu. Nikafika tisa, nikaanza upya
kana kwamba mwanzoni nilikosea.
Machimboni, baba alinifundisha nikiwa na miaka sita,
utambi ukichelewa huendi kuchungulia.
Unakaa ulipo. Unaweza kukaa mpaka jioni.
Wenzake wawili walikwenda kuchungulia.

Miguu yangu ilishaanza kwenda.
Baba akanishika mkono wa koti bila kunitazama,
kiganja chake kingine kimelala juu ya chuma kilicholowa.
“Yupo,” akasema.

Mimi nilikuwa bado sijasikia kitu.